Tano ya Siku Gani

Mfaume aliandika tena J5, akabonyeza kitufe, na kwa mara ya tatu mfumo ukamrudishia Ijumaa.

Alikuwa jikoni kwa Bi Wahiba, Boko, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kukatia nyama. Bi Wahiba hupika vyakula vya shughuli, na tovuti ya kupokea oda alitengenezewa na Mfaume. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu ajifunze mwenyewe kwa video za mtandaoni. Mteja akipiga simu, Bi Wahiba au msaidizi wake Margareta huandika wiki na siku ya shughuli. Ukurasa huigeuza siku kuwa namba, na seva, ikiulizwa, huigeuza namba kuwa siku. Mfaume aliona namba haina makosa ya tahajia.

"Mie naandikaga J5, kama kwenye meseji," alisema Margareta, akimenya vitunguu saumu. "Si Jumatano?"

"Ndiyo. Niliuambia mfumo uitupe J, ubaki na tano."

"Halafu?"

"Halafu seva inahesabu kuanzia Jumapili, na Jumapili yenyewe ni sifuri. Tano inaangukia Ijumaa."

Margareta akafikiri. "Sasa braza, siku ya sifuri watu wanakula?"

"Mie hiyo J siiandiki," alisema Bi Wahiba, akichambua mchele. "Naandika tano tupu."

"Ya Jumatano, mama?"

"Ya Alhamisi. Khamsa si tano? Chuoni kwa maalimu ulikwenda kufanya nini, Mfaume?"

Mfaume akachukua karatasi, akaandika: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Hakuna aliyekosea kuhesabu.

Kisha akasoma oda iliyokuwa juu kabisa: hitma ya arobaini ya mke wa Mzee Khalil, watu mia mbili, wiki hii, Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne, na nyama haijanunuliwa.

"Hii nani aliiandika?"

"Hata sikumbuki," alisema Margareta, na Bi Wahiba naye hakukumbuka. Oda zilikuwa nyingi siku ile.

"Mfumo wako hausemi?" aliuliza Bi Wahiba.

"Hausemi. Sikuona umuhimu."

"Tuhesabu siku arobaini tangu mazishi," alisema Margareta.

"Zilishapita," alisema Bi Wahiba. "Mzee anawasubiri wanawe kutoka Muscat."

"Basi tumpigie tumuulize."

"Nimpigie mfiwa nimuulize hitma ya mkewe lini? Mtu aliyeniamini? Kesho Boko nzima watasema Wahiba kasahau." Lakini alishaifuta mikono na kuichukua simu. "Shikamoo, Mzee Khalil. Nakujulia hali tu. Na watoto, wameshafika? ... Eeh. ... Eeh. ... Alhamdulillahi. Basi pumzika, baba."

Akaiweka simu mezani taratibu.

"Wanatua usiku huu. Kesho wakitoka swala ya adhuhuri, wanasoma hitma."

Margareta akasimama, maganda ya vitunguu yakamdondoka mapajani. Bi Wahiba alikuwa tayari anampigia Mwinjuma wa buchani. "Mbuzi kumi, Mwinjuma. Leo. Najua nilisema Alhamisi. Usiniulize habari za siku, mwanangu, nimechoka na siku."

Margareta akaenda kuifuata nyama. Mfaume akarudi kwenye kazi. Aliondoa namba, akaweka orodha ya majina kamili ya siku ya kuchagua, na jina lisafiri kama lilivyo hadi kwenye seva. Akachagua Jumatano, ikatoka Jumatano. Akajaribu siku zote saba, kila moja ikatoka kama ilivyoingia. Kisha akafungua oda za zamani, akarekebisha zile za namba nyingine, maana tatu ni Jumatatu tu na nne ni Jumanne tu.

"Bi Wahiba, kuna nyingine kumi na moja zenye tano. Hizi siwezi kuzirekebisha. Sijui ipi ya nani."

"Ya karibu ni lini?"

"Wiki ijayo. Munira wa Mikocheni, watu sitini, tano."

Bi Wahiba akauzungusha mchele kwenye ungo. "Kesho tukishapakua utakaa hapa na simu, uanze na huyo Munira. Nitakufundisha namna ya kumuuliza mtu bila kumuuliza."

"Sawa, mama."

Margareta akaingia na beseni la kwanza la nyama, akasimama mbele ya meza akisubiri. Mfaume akaziacha zile siku kumi na moja wazi, akahifadhi, akainua kompyuta yake kuipisha nyama.