Taa ya Swali la Tisa

Saa mbili asubuhi Mama Fyuzi alifungua karakana, akafuta vumbi la meza kwa kiganja, akaweka juu yake redio ya mshona nguo wa jirani, iliyokuwa ikikoroma badala ya kuimba. Hakugusa bisibisi. Alichukua penseli, akachora saketi ya redio ile nyuma ya kipande cha boksi, akaandika hesabu zake pembeni. Alipomaliza kuandika jibu, balbu aliyoichora ikawaka. Haikuwaka sana. Ulikuwa mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano, na mshona nguo, aliyekuwa amesimama akisubiri, alitunga yake hapo hapo.

"Imewaka, basi ugonjwa nimeuona," alisema Mama Fyuzi. "Njoo saa sita."

Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoanza kazi akiwa binti. Hesabu ikiwa sawa, balbu ya penseli huwaka. Ikiwa na kosa, hubaki penseli. Wateja walishazoea. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuomba kipande cha boksi akatumie chooni, akapewa, kikamulikia wiki tatu mpaka panya wakatafuna kona yenye betri.

Ubao juu ya mlango wa karakana ulikuwa na jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na chini ya jina yaliandikwa maneno FUNDI ALIYETHIBITISHWA. Shemeji huyo hakuweza kutofautisha rezista na punje ya karanga, lakini alikuwa na cheti, na cheti kilikuwa na muhuri. Bila muhuri, hakuna shule, zahanati wala ofisi iliyoruhusiwa kupokea kifaa kilichotengenezwa. Kwa hiyo kila alasiri alikuja, akaketi kwenye kiti kizuri, akagonga muhuri kwenye kazi za Mama Fyuzi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeua mbu.

"Kesho ndiyo mtihani, shemeji?" aliuliza siku hiyo.

"Kesho."

"Hii mara ya ngapi?"

"Ya saba. Unajua. Unaniuliza kila mwaka ili usikie raha."

"Nakuuliza ili nikuhurumie kwa idadi kamili." Akagonga muhuri kwenye pasi. "Nisikilize mdogo wako. Swali la tisa, andika kumi na tatu."

"Ni sita."

"Najua ni sita, umeniambia mpaka naiota. Mimi niliandika kumi na tatu, wala sikujua ni kumi na tatu ya nini. Leo nina muhuri."

"Na mimi nina redio zinazoimba."

"Zinaimba kwa jina langu, shemeji."

Mama Fyuzi alipuliza moshi wa risasi ya kuungia nyaya iliyokuwa ikiyeyuka, akaendelea kuchomelea. Macho yake yalikuwa yameanza kuona waya mmoja kama nyaya mbili, na alitaka jina lake lipande kwenye ubao ule akiwa bado anaweza kulisoma mwenyewe bila kuazima miwani.

Swali la tisa halikuwa limebadilika kwa miaka kumi na tisa. Lilikuwa na betri ya volti kumi na mbili, taa ya omu nne, rezista ya omu sita, na rezista ya omu tatu iliyochorwa mbali, kona ya chini ya ukurasa, kama mtoto aliyenuna. Mtahiniwa aliulizwa omu zote kwa pamoja ni ngapi. Liliitwa swali la usalama: ukilikosa hilo, umekosa yote.

Waliotazama kwa macho tu waliona vitu vitatu vimefuatana, wakajumlisha nne, sita na tatu. Mama Fyuzi alifuata waya kwa kidole. Waya wa ile ya kona ulizunguka betri, ukapanda pembezoni mwa karatasi, ukaishia kwenye ncha zile zile mbili za rezista ya omu sita. Sambamba si lazima zisimame bega kwa bega. Zikishika ncha zile zile, umeme una milango miwili, na milango miwili haiongezi foleni, huipunguza. Sita mara tatu ni kumi na nane. Gawa kwa sita na tatu zikijumlishwa, yaani tisa, unapata mbili, ndogo kuliko mdogo wao. Mbili hiyo ndiyo inayofuatana na taa, na taa ina nne. Jumla ni sita. Volti kumi na mbili kwa omu sita, ampea mbili kamili, hakuna nukta wala mabaki. Hesabu safi namna hiyo haijifichi.

Siku ya mtihani mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi. Watahiniwa walikuwa arobaini na mmoja, na Mama Fyuzi aliwazidi wote umri, hata msimamizi. Alijibu maswali manane, na kwa yale yenye michoro karatasi yake ikawa na nuru ndogo ndogo. Alipofika la tisa alikumbuka ubao wa karakana, akaandika moja, na mbele yake akaandika tatu.

Taa kwenye mchoro ilibaki wino.

Aliitazama ile kumi na tatu. Ilikuwa imekaa kwenye nafasi ya jibu kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Angeweza kugeuza ukurasa. Shemeji aligeuza, na alikuwa mtu mzima mwenye afya njema. Mama Fyuzi alivuta mstari mmoja juu ya ile namba, ulionyooka, akaandika sita kubwa pembeni. Taa ikawaka. Mwanga ulifika dawati la tatu mbele yake na la tatu nyuma.

Robo saa baadaye umeme wa jengo ulikatika na ukumbi ukawa giza. Msimamizi aliangalia saa yake, akatembea mpaka kwa Mama Fyuzi.

"Mama, samahani, iinue kidogo karatasi yako. Wenzako hawaoni."

Aliiegemeza kwenye chupa ya maji. Msimamizi akageukia ukumbi.

"Tumieni mwanga. Jibu msitazame."

Hawakulitazama. Waliinamisha vichwa, wakaandika kumi na tatu, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko mzuri, na wakati wa kukusanya karatasi kijana mmoja alimshukuru.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Watahiniwa arobaini walikuwa wamefaulu. Mama Fyuzi alitia mfukoni betri, mita yake ya kupimia na rezista tatu, akaenda ofisi ya mitihani.

Mkuu wa ofisi alikuwa na kucha safi na sauti ya upole. Nyuma yake palikuwa na kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli, na mwanga ulitoka kwenye tundu la ufunguo ukachora alama ukutani.

"Humo mna karatasi zako za miaka sita," alisema. "Ya mwaka huu ipo juu ya meza ya karani. Anasema macho hayamuumi tena."

"Mliisahihisha kwa mwanga gani?"

"Ule ule. Umeme ulikuwa haujarudi."

Mama Fyuzi aliunga rezista zake mbele ya mkuu juu ya meza. Mahali pa taa aliweka rezista ya omu nne, maana taa ikiwa baridi huidanganya mita. Ile ya omu tatu aliiweka mbali, pembeni kabisa, karibu na kikombe cha mkuu, kwa waya mrefu. Betri hakuihitaji. Akabana ncha za mita.

"Sita," alisoma mkuu.

"Sita."

"Mita yako nzuri. Lakini mita haikufanya mtihani, mama."

Mkuu alikisogeza kikombe chake. "Mwongozo wa majibu aliuandika mwalimu wangu. Aliiona hiyo ya kona iko mbali, akadhani imejipanga foleni na wenzake. Niligundua mwaka wangu wa pili hapa."

"Basi rekebisha."

"Nikirekebisha, wote waliopata vyeti kwa miaka kumi na tisa watakuwa wamefeli, kuanzia mimi. Nani atabaki wa kutia saini marekebisho?"

Mama Fyuzi alikunja nyaya zake taratibu, akazirudisha mfukoni.

"Nipeni karatasi zangu."

"Hazirudishwi. Ni kanuni. Na umeme hapa hukatika sana."

"Msiziweke karibu na maji," alisema, akaondoka.

Mchana huo aliazima ngazi kwa mshona nguo. Alipanda na kopo la rangi nyeusi, na chini ya jina la shemeji yake akachora betri, taa, rezista ya omu sita, na ile ya omu tatu kona ya mbali kabisa ya ubao, kwa waya usiotetemeka. Akaandika sita. Taa iliwaka kabla hajateremka, na hii haikuwa ya kutungia sindano. Ilionekana mpaka njia panda.

Alasiri shemeji alifika na muhuri wake, akasimama akitazama juu.

"Umenichafulia ubao, shemeji."

"Nimeusahihisha."

Akaingia, akaketi kwenye kiti kizuri, akagonga muhuri kwenye redio tisa na feni mbili. Nje, jina lake lilisomeka kuliko lilivyowahi kusomeka. Mwanamke mmoja aliyebeba kikuza sauti cha shule alilisoma kutoka ng'ambo ya barabara, akavuka, akachungulia mlangoni.

"Namtafuta mwenye jina la hapo juu."

"Mwenye jina ndiye huyo, amekalia kiti," alisema Mama Fyuzi, huku akifuta meza kwa kiganja. "Fundi ni mimi. Weka hapa."

Akachukua penseli.