Kuni za Kupimwa

Asubuhi hiyo Kavira alikuja kuiondoa mizani yake, si kupima. Lakini wanawake wa kambi ile ya wakimbizi, nje ya mji wa Mweso, walikwisha kupanga foleni na mizigo yao ya kuni. Msichana mmoja tu, Kamaliza, hakuwapo, naye ndiye aliyezoea kuwa wa kwanza.

Kavira alikuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi, na utafiti huu ulikuwa wa kwanza kukabidhiwa. Alitaka kujua familia iliyokimbia vita inachoma kuni kiasi gani, na muda anaoupoteza mama porini una thamani gani, ili wakubwa wa nishati wakubali kuleta majiko yasiyokula kuni nyingi. Mama mwenye jiko hilo angekutana na wenye bunduki mara chache. Nia safi kabisa, nani angeikataa?

Ila mizigo ilizidi kunenepa. Mwanzoni Kavira alifurahi, akidhani amepata jambo kubwa la kuandika. Jana ndipo alipomuuliza Kamaliza, anayeishi na mama yake tu, kwa nini wanachoma kuni kana kwamba kwao kuna arusi.

Kamaliza alicheka kwa aibu. "Dada, huku kitu yenye wanapima, njo yenye wanasaidia. Batoto wanapimwa, wanapewa unga. Sasa wewe unapima kuni. Mwenye iko na mingi, njo ataonekana anateseka sana."

Kavira alielewa: kwao, kinachopimwa ndicho kinacholeta msaada. Kuni za karibu zilikwisha zamani. Mizigo minene ilitoka ng'ambo ya mto, kule ambako hata wanaume hawakanyagi. Aliwakusanya wote, akawaapia kwamba mizani haileti unga wala chochote, na kwamba kesho anaiondoa. Waliitikia kwa heshima, kama wanavyowaitikia wageni wote. Walichokishika ni kimoja: kesho ndiyo mwisho wa kupima. Mchana uleule wakarudi porini.

Sasa foleni ilifunguka, na Dorothée, mama yake Kamaliza, akapita akiburuta mzigo mkubwa. Alisema wanaume waliotoka alfajiri kumtafuta binti yake, ambaye hakurudi jana, wameukuta njiani, karibu na mto, kamba yake ya kubebea ingali imefungwa. Binti mwenyewe hawakumwona.

Kavira alitaka kulia, akaona hana haki hiyo mbele ya mama huyu mwenye macho makavu.

"Pima," Dorothée alisema.

"Mama, sipimi tena. Nilisema jana."

"Pima, mutoto wangu. Alienda sababu ya hii."

Kavira aliutundika mzigo. Mshale ulikwenda hadi mwisho wa mizani, ukagoma hapo. Nyuma ya Dorothée wanawake walisogeza mizigo yao mbele, kila mmoja akingoja zamu yake.