Kukata au Kujaza

Siraj wa spea alikuwa na mambo mawili yaliyompa raha duniani: chakula cha mkewe Rahmah, na kunyanyua vyuma. Kwa muda mrefu mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila ugomvi. Kisha ikaletwa mashine.

Ililetwa na vijana wa kliniki moja, wakaiweka katika jimu ya Mafubira, ile iliyo nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako nusu ya vifaa ni vya dukani na nusu ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Unavua viatu, unakanyaga vibati viwili, unashika vishikio viwili, umeme mdogo usiouma unakupitia, na kioo kinakwambia mwilini mwako mna mafuta kiasi gani. Watu wazima na ndevu zao walipanga foleni kama watoto wa chanjo.

Kocha wao alikuwa Timothy, sajini wa magereza, mtu wa Lira, mrefu, mwenye sauti ya kupanga gwaride. Kila mtu alimwita afande, hata mchungaji wake. Sheria yake ilikuwa moja tu. Aliyezidi asilimia ishirini anakata, yaani anapunguza chakula mpaka mafuta yaishe. Aliye chini ya hapo anajaza, yaani anakula vizuri na kunyanyua vizito ili aongeze nyama. Rufaa hakuna.

"Umekunywa maji, Siraj?" aliuliza zamu ya Siraj ilipofika.

"Niko sawa, afande."

Siraj alikuwa na sababu yake ya kujibu hivyo, na tutaifikia. Alikanyaga, akashika, akasubiri. Kioo kikaandika ishirini na tano nukta nane. Jimu nzima ikapiga mluzi.

"Bwana, wewe iko na mafuta ya kukaanga chapati ya mtaa mzima," Timothy akasema. "Wewe nakata. Kuanzia leo."

Kukata kwenyewe kulikuwa na maana kubwa, maana mashindano ya kunyanyua vyuma yalikuwa yanakaribia, na mwaka huu yalikuwa Mbale. Siraj alikuwa na kilo sabini na nane. Makundi yaliyomhusu yalikuwa mawili: wasiozidi sabini na nne, na wasiozidi themanini na tatu. Katika hilo la wazito alikuwamo Wamboga, muuza nyama wa Mbale, anayenyanyua chuma huku akipiga soga. Katika lile la wepesi hakukuwa na mtu wa kutisha. Akishuka hadi sabini na nne, medali ingekuwa yake.

Na alikuwa na hamu nayo, si mchezo. Rahmah ni mtu wa Mbale. Siku ya harusi yao shemeji mmoja, Nasuru, alimtazama bwana harusi kuanzia kofia hadi viatu, akauliza mbele ya watu kama mwenye duka la spea huwa ananyanyua kitu kizito kuliko plagi. Watu walicheka, Siraj naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Alitaka Nasuru awe ukumbini siku anavishwa medali. Alitaka hilo kuliko alivyotaka kukubali, ingawa alikuwa mtu mzima mwenye duka lake.

Basi akakata.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na alilifanya kwa huruma. Chakula cha kukata ni kuku wa kuchemsha, bila mafuta, bila chumvi, bila furaha. Angemwambiaje Rahmah ampikie kitu kama hicho? Rahmah ni mpishi anayesaga karanga zake mwenyewe kwa sababu haamini za sokoni. Kumwambia kwamba mashine imekuta mafuta mwilini mwa mumewe ingekuwa sawa na kumwambia kwamba mashine imeshtaki sufuria zake. Siraj akaona heri anyamaze. Akawa ananunua kuku wake sokoni, kwa Mwislamu anayewachinja, anampelekea Oliver, mama anayechemsha mayai karibu na jimu, na Oliver anamchemshia.

Jioni anarudi nyumbani. Rahmah ameandaa sinia, kama ilivyokuwa desturi yao tangu waoane, kula pamoja kwenye sinia moja.

"Nimeshiba," anasema Siraj.

"Umeshibia wapi?"

"Jimu."

"Siku hizi jimu wanapika?"

Hapo Siraj anaanza kutafuta chaja ya simu.

Sasa niambie, mume anayekataa chakula cha mkewe kila jioni, anayeoga mara mbili kwa siku, anayepungua tumbo na kujitazama kwenye kioo cha kabati, watu wa Mafubira watamfikiriaje? Hawakuhitaji kufikiri sana. Racheal, jirani yao mwenye kibanda cha nyanya, alimwona Siraj kwa macho yake akipokea bakuli lililofunikwa kutoka kwa mwanamke. Akauliza jina, akapewa. Kufika magharibi mtaa ulikuwa unajua kwamba Siraj wa spea anakula kwa Oliver.

Rahmah hakupiga kelele. Angepiga kelele Siraj angejieleza, na mambo yangeishia hapo. Alipika tena jioni ile, malewa ya kwao, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa karanga alizozisaga mwenyewe. Siraj aliyapenda kupita kiasi. Harufu ilimpokea tangu langoni, mate yakamjaa, na akasema, kwa uchungu wa kweli, "Nimeshiba."

Siku iliyofuata alirudi akakuta jiko limefagiliwa na sufuria zimefunikwa kifudifudi. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe: "Niko kwetu Mbale. Huko unakokula, ule salama."

Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena, ikapokelewa na shangazi yake Rahmah, Hajati Mastula, aliyesema neno moja tu kabla ya kukata: "Njoo."

Mizani ya mashindano ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa mchana, baada ya swala, Siraj na Timothy walielekea Mbale katika gari ambalo Timothy aliliazima kwa askari mwenzake. Siraj alikuwa na kilo sabini na nne na robo. Timothy alikuwa amepiga hesabu: asile kitu mpaka asubuhi, atafika.

"Tunaenda moja kwa moja kwa nyumba ya wageni," Timothy alisema walipoiona milima. "Unalala. Hakuna kula."

"Tunapitia ukweni kwanza, afande. Na wewe unaingia na mimi. Mtu haendi ukweni peke yake."

"Mimi si Mwislamu."

"Sikuozeshi mtu. Nimekuomba ukae kwenye kiti."

Walipokewa ukweni, mtaa wa Namakwekwe, katika sebule yenye vitambaa vyeupe kila mahali panapoweza kuwekwa kitambaa. Hajati Mastula alikaa katikati, mwanamke mpana mwenye miwani. Nasuru alikaa pembeni akitabasamu vibaya. Mama mkwe hakuonekana, maana kwa desturi yao mama mkwe na mkwe hawatazamani, ila alikuwa nyuma ya pazia la korido, na kila baada ya muda alikohoa ili ajulikane kuwa anasikia.

Hakuna aliyemuuliza Siraj swali lolote. Lililetwa sinia.

Kulikuwa na kuku mzima, yule wa heshima ya mkwe, kulikuwa na matoke, wali, na bakuli la malewa likifuka moshi. Rahmah ndiye aliyeleta. Akapiga magoti, akamnawisha mikono, na macho yake yalikaa kwenye beseni mwanzo hadi mwisho.

"Mukwe," alisema Hajati Mastula, "tumesikia chakula cha mtoto wetu kimekushinda. Mimi sikuamini. Banange, jamani, nikasema, wacha aje tumwone mwenyewe."

Timothy aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. "Kesho ni mizani," alinong'ona. "Usikule hiyo kitu. Sema tumbo nauma."

Lilikuwa shauri zuri. Siraj angesema tumbo linamuuma, angelala njaa, kesho angekuwa bingwa mbele ya Nasuru, na baadaye angekuja kumfidia mkewe kwa gauni jipya la gomesi na maneno matamu. Alilifikiria, nisiseme uongo. Kisha akamtazama Rahmah, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na beseni lake, akisubiri kama watu wanavyosubiri hukumu. Nyuma ya pazia hata kikohozi kilikuwa kimekoma.

Siraj akasema Bismillahi, akamega tonge, akalichovya kwenye malewa.

Timothy alijifunika uso kwa kiganja. Siraj alikula. Alianza taratibu kwa adabu ya ukweni, halafu adabu ikamshinda. Alikula matoke, akala wali, akamrudia kuku, na kila tonge lilipoteremka aliiona ile medali ikifungasha virago na kutoka mlangoni. Iliuma kidogo. Malewa yalimtuliza.

"Sasa," alisema Hajati Mastula aliporidhika, "Oliver ni nani?"

Timothy alisimama wima, kwa mazoea ya kutoa ushahidi mahakamani. "Hajati, Oliver mimi najua. Ni mama mzee. Iko na wajukuu wengi, meno kidogo. Nachemsha kuku ya watu wa jimu, bila mafuta, bila chumvi. Hiyo kuku, Hajati, hata mfungwa nakataa."

Hapo ikabidi yote yasemwe. Siraj alieleza kuhusu mashine, vibati, vishikio, ishirini na tano nukta nane, na jinsi alivyoona haya kumtajia Rahmah namba ile. Nasuru alisikiliza mdomo wazi.

"Ulipimwa siku gani?" Rahmah aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza.

"Alhamisi. Ile ya kabla ya mvua kubwa."

"Jioni?"

"Jioni."

"Alhamisi ile ulikuwa umefunga," Rahmah alisema. "Mimi ndiye niliyekupikia uji wa kufuturu."

Timothy akageuka polepole. "Kufunga? Ulikuwa umefunga? Mimi nilikuuliza maji!"

"Afande, saumu ya sunna mtu haitangazi. Ukiitangaza inakuwa ria, ya kujionyesha kwa watu. Ni kati yako na Mungu."

"Na Mungu, sawa! Na mashine je?" Sauti ya gwaride ilijaa sebuleni hadi vitambaa vikatikisika. "Ile mashine nasikiliza maji ya mwili! Umeme napita kwa maji. Ikikosa maji nasema hapa yote ni mafuta. Wewe ulikuwa mkavu, bwana! Pengine ulikuwa kumi na tisa. Ulikuwa wa kujaza! Mimi nimekukata mtu wa kujaza!"

Nasuru aliteleza kwenye kiti kwa kicheko. Hajati Mastula alivua miwani akafuta machozi. Nyuma ya pazia mama mkwe naye alishindwa, akaangua kicheko kirefu ambacho mkwe hakupaswa kukisikia, na nyayo zake zikasikika zikikimbilia chumbani.

Rahmah peke yake hakucheka. Alichukua beseni lake, akatoka nje.

Siraj aliomba ruhusa kwa shangazi, akamfuata. Alimkuta uani, kwenye bomba, akisuuza beseni ambalo halikuwa na uchafu wowote. Alikuja na maneno yake tayari, ya kuomba radhi na ya kuchekesha kidogo, lakini akaona mkono wake. Pete ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi, mizunguko mingi, ili isichomoke kidoleni.

Akamtazama vizuri. Mfupa wa shingo ulikuwa umejitokeza. Gauni lililokuwa likimkaa sawasawa lilikuwa limeporomoka mabegani. Siraj alikuwa ameujua mwili wake mwenyewe hadi nukta, alikuwa akipanda mizani kila asubuhi na kushangilia kila robo kilo, na mwenzake alikuwa akiisha ndani ya nyumba ileile. Aliona aibu.

"Rahmah, hukuwa unakula?"

"Nilikuwa napika."

"Nimekuuliza kula."

Alifunga bomba. "Ningekula na nani?"

Siraj alisimama pale na mikono yake minene ya kunyanyulia vyuma, isiyojua pa kushika.

"Siraj!" Timothy aliita kutoka ndani. "Watu wa mashindano wanapiga simu hapa! Kesho nakuandika kundi gani?"

"Themanini na tatu, afande!"

"Wamboga atakuua!"

"Aniue nimeshiba!"

Aliingia ndani, akalichukua sinia na chakula kilichobaki mbele ya Nasuru bila kuomba, akatoka nalo hadi uani, akaliweka juu ya mkeka. Akaketi. Akamega tonge, akalichovya, akamnyooshea mkewe.

Rahmah alitazama huku na huku, maana ni kwao na watu wako madirishani. Kisha akaketi. Alilipokea tonge la kwanza kwa mkono wake, akalitafuna muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka. La pili alilimega mwenyewe. Siraj alimtazama, na hakugusa chakula tena mpaka alipomwona ameshika paja la kuku.