Marehemu Gerlinde Adai Mapumziko

Gerlinde Wuttke alirudi kazini Jumatatu, pua imebabuka kwa jua, akakuta picha yake getini imezungushiwa utepe mweusi.

"Yarabi!" Nurcan wa tanurini akaruka, mkononi kipande cha keki ya makombo ya siagi, ile inayoliwa mazishini. "Dada Gerlinde, si umekufa wewe?"

"Nilikuwa kisiwani Rügen, naota jua."

"Na machozi yangu yote yale! Haya, shika keki yako."

Kiwanda hicho cha vigae, pale Kassel, kilimpa kila mfanyakazi kabati la maneno ya siri na nyaraka zake ndani ya kompyuta. Gerlinde alipokwenda likizo tu, wakubwa wakalisasisha bila kuiuliza kamati ya wafanyakazi, ambayo mwenyekiti wake ni yeye. Wakaongeza kitu kinachoitwa Mrithi: usipofungua kabati siku ishirini, umefariki, na kabati linakwenda kwa mrithi uliyemchagua. Hukuchagua? Anakurithi bosi wako.

Nani huyo asiyefungua kabati siku ishirini? Mwenye likizo! Mwaka 2009 Gerlinde aligoma siku kumi na moja kwenye theluji ili aliye likizoni asiguse hata kitufe cha kazi. Wenzake huchungulia simu chooni, kwa siri. Yeye hakuchungulia. Alishika haki yake barabara, ikamuua.

Na humo kabatini ndimo ilimobaki nakala pekee ya mapatano ya 1994: nusu saa ya kupumzika kila asubuhi kwa watu wa tanurini. Karatasi yenyewe wakubwa waliipoteza walipohama ofisi. Hupoteza kwa kuchagua, wale. Saa nne asubuhi hiyo kilikuwapo kikao cha kuifuta nusu saa hiyo, kwa hoja kwamba haijawahi kuandikwa popote.

Gerlinde akamwendea Uwe wa kompyuta. "Nifungulie."

"Haiwezekani, Bibi Wuttke. Marehemu haombi neno la siri."

"Uwe, unanitazama machoni!"

"Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni. Iko fomu ya kufufuka, ila sharti mrithi aitie sahihi, kisha na wewe."

Mrithi alikuwa meneja Detlef Brockmann, yuleyule aliyewanyima watu wa tanurini glavu mwaka 2003. Gerlinde alikumbuka mpaka rangi ya glavu zenyewe. Akapanda ngazi huku akitafuna maneno ya kumtupia.

Akamkuta hajanyoa, tai imekwenda upande.

"Bibi Wuttke! Afadhali umekuja. Fufuka upesi, nakuomba."

Kumbe Ijumaa alibonyeza "Nakubali" bila kusoma. Akarithi vyote, yakiwamo malalamiko arobaini na matatu dhidi ya Brockmann, kila moja na siku yake ya mwisho kujibiwa. Programu ikamfungia kabati lake mwenyewe mpaka ayajibu.

"Nimejiandikia barua tatu," akasema. "Ya tatu nilijijibu kwa jeuri, ikarudishwa."

Kompyuta ikalia.

"Arobaini na nne! Hili tena la nini?"

"La glavu. Nililipanga lijitume kila Jumatatu."

Brockmann akalisukuma mbele rundo la karatasi, ile fomu ya kufufuka. "Sahihi yangu hiyo. Chukua uhai wako, bibi, twende."

Gerlinde akavuta kiti, akaketi. "Sisi wafu hatuna haraka. Kwanza fungua faili la mapatano ya tisini na nne, ukalisome kikaoni kwa sauti, kisha ulitie sahihi upya."

"Faili hilo halipo."

"Limo kabatini mwangu. Umelirithi."

"Nikilifuta?"

"Jaribu. Ukirithi nyumba, bwana, umerithi na panya wake."

Akajaribu. Programu ikamjibu kwamba mali ya marehemu haifutwi mpaka malalamiko yote yajibiwe.

Saa nne Brockmann alisimama mbele ya wakubwa wenzake, akasoma mapatano kwa niaba ya marehemu. Marehemu alikaa mstari wa mbele, akimsahihisha kila alipokosea tarehe. Nusu saa ikatiwa sahihi, nakala tatu, na Nurcan, aliyewawakilisha watu wa tanurini, akaondoka na moja kifuani.

"Sasa fufuka," Brockmann akasihi, akimpa fomu na kalamu.

Fomu ilikuwa kurasa kumi na tisa. Gerlinde akavaa miwani, akaanza kuisoma neno kwa neno, na maandishi madogo ya chini asiyaruke. Kufika saa nane alikuwa ukurasa wa sita, na Brockmann alikuwa akijibu lalamiko la tisa.