Mbili Katika Kumi

Kinyozi alikaa ukingoni mwa kitanda cha zahanati, shati limevuliwa upande mmoja, mkewe amesimama kando yake na mkoba kifuani. Bega la kulia lilikuwa likimtesa mwaka wa tatu sasa, na mkono usiofika juu ya sikio la mteja haunyoi mtu.

Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wao, alikwisha kumweleza. Kwanza angeutia ganzi mshipa wa fahamu ulio nyuma ya bega. Maumivu yakishuka kupita nusu, basi huo ndio mkosaji, na mchana huohuo angeuchoma sindano ya mawimbi ya umeme ya kuunyamazisha, ambayo nafuu yake huweza kudumu miezi. Yasiposhuka, wangeuacha na kuutibu mshipa wa shingoni. Mashine ilikuwa ya kuazima. Jioni ingeondoka, na siku ya kurudi haikujulikana.

Ganzi ilikwisha kutiwa. Kwa kumhangaikia mgonjwa huyu, daktari alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Haya, baba. Asubuhi ulisema maumivu ni nane katika kumi. Sasa ni ngapi?"

Aliinua mkono. Ukakwama palepale. Nane, bila kupungua hata chembe. Akautazama uso ule wenye matumaini.

"Mbili, mwanangu."

Daktari alitabasamu, akaenda kuandaa mashine.

"Mbili za wapi?" mkewe akamnong'oneza. "Hata kofia huifikii."

"Amehangaika mno, mama watoto. Nimwambie kazi yake ni bure?"

"Amekuuliza bega. Hakukuuliza kama anapendeza."

Miaka thelathini alikuwa akiwashikia watu kioo nyuma ya kisogo, nao husema "safi kabisa", hata wale aliowaharibu. Kisha hawaonekani tena. Uongo huo aliujua kuliko yeyote, na bado ulimtoka.

Daktari aliporudi, alimwomba mama asubiri nje. Mlangoni mama akageuka. "Daktari, muulize tena huyo."

"Ni mbili kweli, baba? Niandike?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake. Akafumbua kinywa. Kalamu ilikwisha kugusa karatasi.

"Andika."

Akalala kifudifudi. Sindano ikazama polepole katika mshipa usio na hatia.

"Inauma, baba?"

"Hata kidogo, mwanangu," alisema, kisha akaung'ata upindo wa shuka.