Kamba wa Kijito cha Kiwandani

Asubuhi Mama Rula alimwaga ndoo ya kwanza kwenye sinia, akawatandaza kamba juu ya kitambaa kibichi, akaanza kuwapima mmoja mmoja kutoka jichoni hadi ncha ya mkia. Kazi yake katika kituo cha utafiti ilikuwa hiyo tu: kujua kamba wa kila kijito wanapishana kiasi gani. Wa kijito cha juu walipishana kama watu wa familia yoyote, vibonge kwa wembamba, na mmoja mwenye sharubu upande mmoja. Wa kijito cha kiwandani walikuwa na urefu mmoja wote. Hata kujikunja walijikunja sawasawa.

Mkuu wa kituo alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Rula imeharibika hiyo. Chukua nyingine stoo."

Ndiyo ilikuwa desturi ya kituo: kamba wasipopishana, kosa ni la rula. Mama Rula, jina alilopewa na wenzake kwa utani, alibadilisha rula, akapata jibu lilelile, akabadilisha tena. Moyoni alijua. Angesema siku ileile, lakini aliona haya kubishana na mkubwa mbele ya watu, na baadaye alijuta sana.

Maana bintiye alikuwa ameolewa mtaa wa kiwandani, na kule wote walikunywa maji ya kijito kile. Binti huyo tangu shuleni aliitwa Mlingoti, kwa kuwa hakukuwa na mlango aliopita bila kuinama. Safari hii alipokuja kumsalimia mama yake, aliingia wima.

"Umepungua, mwanangu."

"Kidogo tu, mama. Mbona raha! Kule sasa tunaazimana nguo mtaa mzima. Fundi cherehani amefunga duka."

"Hama. Njoo ukae hapa na mumeo."

"Tuhame, na kazi iko kiwandani? Mama nawe!"

Alikunywa chai, akaosha kikombe, akaondoka.

Kesho yake Mama Rula alijikaza, akamwambia mkuu kwamba rula ni nzima. Mkuu alikubali kuwa ni nzima. Alimkumbusha pia kuwa kituo hicho kilijengwa na wenye kiwanda, kisha akaagiza rula nyingine kutoka ng'ambo.

Mwisho wa wiki mama alifunga safari mwenyewe hadi kiwandani. Alifika zamu ikitoka. Wanawake waliteremka barabarani kwa kundi, kimo kimoja, hatua moja, na muuza karanga aliwapisha bila kuinua macho. Pembeni bomba la kiwanda lilimwaga kijitoni kama kawaida. Mama Rula alimtafuta mwanawe juu ya vichwa vya watu, kama alivyozoea, akakuta juu ya vichwa hakuna kitu. Akawatazama nyuso. Zote zilikuwa uso mmoja.

"Mwanangu!" aliita.

"Abee, mama," waliitika wote, wakageuka.

Alimkumbatia aliyekuwa karibu. Yule naye alimkumbatia vizuri, akampokea mzigo, akamuuliza habari za nyumbani. Wengine walipanga foleni nyuma yake, kila mmoja akingoja zamu yake.