Duka Linapolala

Mvua za kupanda ziliposhika, duka la nguo la Hajati Rehemah mjini Busia, upande wa Uganda, lililala. Halikufungwa. Lilifunguliwa kila asubuhi, vitenge vikatundikwa barazani, majora yakasimamishwa ukutani kama askari wa gwaride. Lakini wanunuzi wa vijiji vya Mulanda walikuwa mashambani na fedha yao imekwenda kwenye mbegu, na waliovuka mpaka kutoka upande wa Kenya walikuwa na haraka ya chakula, hawana macho ya nguo.

Engole alijua la kufanya duka linapolala. Aliteremsha majora yote, akapangusa rafu, akaingiza ndani vitenge vilivyoanza kupaushwa na mwanga, akatundika vingine mahali pake. Kazi ilipokwisha, alivuta stuli, akaiweka mlangoni, peupe, akaketi. Hakujibanza nyuma ya kaunta. Hakushika simu. Hakujifanya anapima kitambaa alichokwisha kukipima. Aliketi kama mtu aliyemaliza.

Msimamo huo alitoka nao shuleni. Baba yake, mkulima wa Mukuju, aliuza ng'ombe ili kumpeleka shule ya bweni ng'ambo ya mpaka, na kule kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Katika saa ya kujisomea usiku, mwanafunzi aliyesinzia juu ya dawati alichapwa, mambo yakaisha. Lakini aliyejifanya anasoma pindi mwalimu anapopita, huyo alisimamishwa mbele ya shule nzima, na hakuna bweni lililomtetea. Uvivu ni udhaifu, walifundishwa. Kujifanya ni uongo. Engole alikuwa mtu mzima sasa, mvi zimemwingia, na bado hakuona sababu ya kuifuta sheria ile.

Stuli ilimkera Hajati.

"Engole, mtu anapita nje, anaona wewe umekaa. Anasema hii duka imekufa. Sasa nani atanunua nguo kwa maiti?"

"Duka halijafa, Hajati. Limelala. Aliyelala huamka."

"Na asipoamka?" akadakia Hudhaifa, muuzaji mwenzake, baba wa watoto wawili mwenye ulimi mwepesi kuliko unyoya. "Tutaita sheikh ama padri? Maana wewe ni wa kanisani na duka ni la Kiislamu."

Hajati hakucheka. Alikuwa mjane aliyeanza kwa kuchuuza leso getini pa mpaka, jua na mvua vikimpiga, na hakuna aliyempa shilingi ya bure. Njaa aliijua kwa jina. Tena alikuwa anafungua duka la pili Tororo, na msimamizi wake alikwisha kumtaja: Engole. Kwa mwingine cheo kile kingekuwa cheo tu. Kwa Engole kilikuwa nyumbani. Kwa miaka aliyofanya kazi Busia alilala katika chumba cha kupanga, akawaona mkewe Betty na watoto wao Jumamosi jioni, akawaaga Jumapili baada ya ibada. Kutoka Tororo hadi Mukuju ni karibu. Angekula chakula cha jioni nyumbani kwake kila siku, kama wanaume wengine.

Ndipo Hajati akabuni mteja wa ng'ambo. Watu wa Busia wanaamini kwamba Mkenya havuki mpaka kwa matembezi. Ukimwona amebeba furushi, ujue hapo kuna bei nzuri. Basi Hudhaifa alivaa kofia, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaingia kwa mbele kwa kishindo, akiiga lugha ya vijana wa Nairobi.

"Niaje, mathe! Hii kitenge ni ngapi? Na usinipige bei ya watalii, mimi ni msee wa mtaa!"

"Ai, mtoto wangu, hapo nitapata hasara!"

"Hasara gani, mathe? Nabeba jora mzima!"

Wakavutana hivyo mpaka wapita njia wakasimama, kisha wakaingia. Na walinunua. Hilo lazima lisemwe: hila ilifanya kazi. Hudhaifa alirudi kwa mlango wa nyuma, amevua kofia, anajipepea.

"Mzee Engole, umeona? Wewe unangoja duka liamke. Mimi nimelimwagia maji."

"Umewamwagia watu," alijibu Engole.

Baada ya siku chache sura ya Hudhaifa ilianza kuzoeleka. Asubuhi moja Hajati alikuja na koti la marehemu mumewe, limepigwa pasi, mikunjo imesimama.

"Leo ni wewe," alimwambia Engole. "Utakuwa tajiri wa Kisumu, mwenye kununua jumla. Hudhaifa anaongea kama konda wa gari. Wewe Kiswahili yako ni ile ya redio. Ukifungua mdomo tu, mtu atasimama."

Engole alilitazama koti, hakulishika.

"Kiswahili changu nilikipata kwa taabu, Hajati. Sikukisomea ili kiwe chambo."

"Nani amesema chambo? Nasema kazi. Saa hakuna mteja, hii ndiyo kazi."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nguo zako ni njema. Kwa nini tuzitembeze kama mbovu?"

"Chema ikikaa gizani, nani ataiona? Wewe unakula methali?" Hajati alilitundika koti kwenye msumari. "Fikiria vizuri. Tororo nataka mtu anaweza kujaza duka, si mtu anaweza kukaa."

Mchana ule Engole alimpigia Betty simu, akamweleza yote. Betty alikuwa shambani kwenye mihogo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Engole, ni maneno tu," alisema. "Hata mhubiri wetu anapaza sauti kuliko anavyoamini. Sema hayo maneno ya Kisumu, uje nyumbani."

Mwanamke aliyelinda boma peke yake miaka yote ile alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Engole alilijua hilo. Akarudi dukani na maneno yale yamemkaa kifuani kama mfupa.

Siku ya pili, jua lilipotokeza kati ya mawingu, wanawake watatu walisimama barazani. Aliyewaongoza aliitwa Nangila, mke wa mchimba dhahabu wa machimbo ya Tiira, na wenziwe walikuwa mawifi zake. Binti yake alikuwa akiletewa mahari, nao walitafuta kitenge cha sare cha wanawake wote wa ukoo. Kwa msimu ule, hao walikuwa neema iliyoshuka. Walipapasa nguo za nje, wakanong'onezana, wakasitasita.

Hajati hakungoja. Alichomoa koti msumarini, akamtupia Engole mabegani palepale alipoketi, akapaza sauti:

"Karibu sana, tajiri wetu wa Kisumu! Umetoka mbali! Hudhaifa, toa yale majora yake!"

Wanawake waligeuka wote. Hudhaifa aliinamia majora, macho kwa Engole, nusu anacheka, nusu anaomba. Ilibaki kauli moja tu ya Engole ili hila itimie.

Engole alisimama, kwa kuwa wateja wamefika. Alilivua koti, akalikunja kwa heshima, maana lilikuwa la marehemu, akamrudishia Hajati kwa mikono miwili.

"Mimi sikutoka Kisumu," alisema. "Mimi ni Engole wa Mukuju, muuzaji wa duka hili. Karibuni, akina mama. Mnatafuta nguo ya shughuli gani?"

Nangila alimtazama, akamtazama Hajati, kisha akaangua kicheko.

"Haya! Na yule wa kofia, juzi nilipita anabishana hapa kama mbuzi, naye ni wa Mukuju?"

"Mimi ni wa hapa hapa Busia, mama," alisema Hudhaifa kutoka nyuma ya majora. "Lakini kofia ni ya Nairobi, haki ya Mungu."

Walicheka wote, isipokuwa Hajati. Engole akawafungulia jora baada ya jora, akawaonyesha ambacho rangi yake ingehimili kufuliwa na ambacho isingehimili. Nangila alishika kitambaa, akakiachia.

"Nguo ni nzuri. Lakini moyo yangu imeshtuka. Wacha tuzunguke, tutarudi."

Hawakurudi. Isije ikasemwa kwamba ukweli uliuza nguo siku ile; haukuuza hata leso.

Hajati alilirudisha koti msumarini. Aliposema, sauti yake haikuwa ya hasira.

"Mimi nauza nguo, na wewe umenivua nguo mbele ya watu."

"Sikutaka kukuaibisha, Hajati. Ulinitia katika uongo bila ridhaa yangu. Sikuwa na mlango mwingine wa kutokea."

"Sikiliza, nakupa mlango. Kesho vaa hii koti. Mara moja tu. Halafu ufunguo ya Tororo ni yako, na mimi nasahau ya leo."

Engole aliwaza njia ya Mukuju saa za magharibi, moshi wa jikoni kwake, watoto wakimaliza masomo yao mbele ya macho yake. Aliwaza yote hayo, hakujipunguzia hata moja.

"Duka likiwa na kazi, nitasimama mpaka miguu ivimbe, na wewe ni shahidi. Likiwa halina, nitaketi, na apitaye aone hivyo. Koti silivai. Si kesho, si kamwe."

"Basi Tororo ni ya Hudhaifa."

"Mungu amjalie heri."

"Mzee, usinichukie," alisema Hudhaifa, safari hii bila mzaha.

"Sikuchukii. Duka lile lipanguse vizuri tu."

Akatoka hadi barazani, akampigia Betty.

"Nimeikosa Tororo," alisema. "Nilitakiwa niwe mtu wa Kisumu, nikakataa."

Upande wa Betty jembe lilisikika likitupwa chini.

"Nilikuambia ni maneno tu."

"Uliniambia."

"Basi njoo Jumamosi kama siku zote. Lakini usiniletee hapa uso wa mtu anayetaka kuombewa. Kama umekataa, umekataa."

"Nimekataa," alisema Engole, na sauti yake ilifika mpaka kwenye kaunta.